Samaki Mzito wa Kibirichia

Msinicheke mpaka nimalize. Nilitaka sana kujua kwa nini samaki wa mto wetu hapa Kibirichia wanauma chambo changu cha bati halafu wanachomoka. Nikajaribu ndoano kwenye ukucha, ikateleza tu bila kukwama; kumbe ilikuwa butu. Nikainoa kwa tupa ya panga. Nikajifunza pia kwamba samaki akishashika, uzi usilegee wala usimvute kwa pupa.

Jumamosi nikarusha. Uzi ukakaza papo hapo! Kina mama waliokuwa wakiosha karoti wakasimama kutazama, nami, mwalimu mzima, nikaanzisha somo kwa sauti: "Mnaona? Uzi usilegee! Mwacheni achoke mwenyewe!" Jasho likanitoka. Samaki hakuruka wala kutingisha kichwa. Hilo lilinishangaza, lakini nikajiambia samaki wa huku juu mlimani wana adabu.

Hatimaye akaibuka: gunia la karoti lililolowekwa mtoni ili tope litoke. Kamba iliyolifunga ukingoni nilikuwa nimeikata kwa kuvuta, na sasa lilishikiliwa na ndoano yangu tu.

Mama Kendi, mwenye gunia, akajitosa majini akipiga kelele, "Hizo ni za soko la kesho! Mwalimu, uzi usilegee!"