Gunia la Malimbuko

Nikikumbuka Jumamosi za utoto wangu pale Mulongwe, nasikia kwanza mlio wa mchele kwenye ungo. Baada ya mavuno ya mpunga kule mashambani Bwegera, kila familia ya kanisa letu ilitoa gunia moja la malimbuko, na siku moja kabla ya ibada mama wa nyumba alilichambua. Mama yangu alitandika mkeka kivulini, akatuketisha sisi watoto wanne, na hakuna aliyeinuka mpaka punje ya mwisho ipite mikononi mwake. Mawe huku, chenga huku, punje nzima kwa Mungu. Chenga tulizila sisi wiki nzima, nami nilinung'unika. Siku moja nilimwuliza kama Mungu ana meno mabovu kiasi hicho. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, kisha akanisukumia ungo mwingine.

Jumapili mchele wote ulipikwa uani kwa kanisa, tukala pamoja, wajane na wageni wakipakuliwa kwanza. Kila mama alisimama nyuma ya sufuria yake, kwa hiyo wali wenye mawe ulikuwa na mwenyewe, na alijulikana. Mama alikuwa na kipande kidogo tu cha shamba, lakini foleni ya kwake ilikuwa ndefu kuliko zote. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake.

Nilipokua nikawa mfanyabiashara wa mchele. Nilinunua mpunga Bwegera, nikapata mashini ya kukoboa, kisha depo ya kuhifadhia magunia karibu na mto. Sitasema uongo, nilifurahia sana. Kutoka kwenye baiskeli mpaka kwenye Fuso si jambo dogo. Nilianza kukosa sala za asubuhi, kisha ibada za Jumapili, maana magari ya mpunga hushuka kutoka uwanda wa Ruzizi siku yoyote. Nikajiambia kwamba mtu anayetafuta riziki naye anasali, kwa mikono yake. Mtu anayekimbia kitu hakosi maneno matamu.

Mwaka mmoja mto Mulongwe ulifurika, maji yakaingia depo. Magunia ya chini yalilowa. Niliyaanika, yakakauka, lakini harufu ya tope haikutoka, na sokoni hakuna aliyeyataka. Siku ya malimbuko ikanikuta hapo, gunia la familia sasa nikilitoa mimi, na mchele wangu mzuri wote nilikuwa nimeshawaahidi wateja wa Kamanyola. Nikamwambia dereva apeleke kwa mama gunia moja kati ya yale yaliyolowa. Nilijua ninachofanya, sitaki kuzungusha maneno. Nilifikiri mama ataliosha vizuri, ataongeza mafuta, na kwamba Mungu haangalii gunia, anaangalia moyo. Ajabu ni kwamba sikuogopa auangalie wangu.

Jumapili ile nilifika kanisani watu wameshaanza kula. Mama alikuwa nyuma ya sufuria yake, foleni ndefu kama zamani. Nikapakuliwa wali mweupe, unanukia, punje nzima. Mjane mmoja akanishika mkono, akaniita papa, yaani baba.

"Papa, Mungu akubariki. Muchele yako iko muzuri sana."

Nikaipokea baraka ile kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, kumbe ilikuwa kazi ya kuosha tu.

Wiki mbili baadaye nilipita kwa mama mchana bila kumwarifu. Alikuwa anakula peke yake jikoni. Kabla sijaketi, harufu ya tope ikanifikia. Gunia langu lilikuwa pale kwenye kona, limefunguliwa, limeanza kupungua. Hapo nikaelewa kwamba mchele aliowapikia watu kanisani ulikuwa wake mwenyewe, akiba yake ya mwaka mzima.

"Mama, juu ya nini unakula ile? Si ungeniambia nilete ingine?"

"Ningekuambia nini, papa? Weye ulikuwa unajua."

Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Minye sikuweza kumupa Mungu ile muchele," akasema taratibu. "Na kuitupa, vilevile sikuweza. Iko ya mwana wangu."

Akaendelea kula. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nilitaka kulibeba gunia nikalimwage mtoni, akakataa. Nikamletea jingine zuri, akawagawia majirani. Basi nikaanza kufunga depo kila mchana kwenda kula naye, ili tulimalize upesi lile lililolowa. Wateja walilalamika, wengine wakahamia kwa wenzangu. Kwa mama hakuna mkono uliogusa sahani kabla ya sala, na alinitaka mimi nisali. Siku za kwanza niliyatafuta maneno, mtu mzima mimi. Baadaye yakaanza kuja yenyewe.

Mama sasa amekwenda kwa Mungu. Nina mashini mbili, na mezani kwangu hakikosekani kitu. Lakini ningepewa mchana mmoja tu wa kurudia, ningekwenda jikoni kwake kula ule wali mbaya.