Karafuu za Mama Jumamosi Asubuhi

Mwaka jana nilikuwa soko la Mabibo, nimeinama kwenye fungu la nyanya, mama mmoja akainama kando yangu kuchagua na yeye. Alipopumua nikasikia karafuu. Si karafuu ya pilau, ile inayokuja na vitunguu na mafuta. Hii ilikuwa karafuu kavu, imetafunwa, imechanganyika na pumzi ya mtu. Nyanya ikaniponyoka. Kabla sijageuka kumtazama usoni nilikuwa nimesharudi kwetu Mtoni, niko darasa la nne, nimejibanza nyuma ya pazia la mlango, namnusa mama yangu.

Mama huyo wa Mabibo nitamrudia. Kwanza niwaambie kuhusu pua yangu.

Kuna watoto waliojaliwa sauti, wengine mbio. Mimi nilijaliwa pua, na pamoja na pua moyo wa kushuku kila kitu. Nyama ikipungua sufuriani na paka akisingiziwa, mimi nilimkamata paka nikamnusa mdomo kabla sijakubali. Mgeni akisema ametoka safari ya mbali, nilisogea karibu nisikie kama kweli ananuka vumbi na jasho la basi. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Dar es Salaam tangu mababu, aliyekuwa akichoma chapati barazani kwake, alinitazama siku moja akatikisa kichwa. "We mtoto we," akasema, "hiyo pua yako itakuponza."

Sisi tulikuwa watu wa bara, wa kutoka Upare. Baba alikuwa fundi umeme bandarini, leo yuko zamu ya mchana, kesho ya usiku, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama. Mama alishona sare za shule pale pale sebuleni, na Jumapili alifundisha shule ya Jumapili. Darasa lake lilijaa mpaka watoto wakakaa madirishani. Alikuwa na msemo wake ambao nadhani aliutunga mwenyewe, maana sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine: "Mfuasi wa Yesu usimtafute kanisani, mtazame kwenye foleni ya maji." Na kweli, bombani mama hakuwahi kusogeza ndoo yake mbele ya ya mtu. Hata siku maji yanatoka kama machozi alimpisha mwenye mtoto mgongoni. Tatizo la kumwambia mtoto kama mimi atazame ni kwamba nilitazama kweli.

Jumamosi alfajiri ilikuwa siku ya jumuiya. Waumini wa mtaa mmoja walikutana kwa zamu, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, wakasali na kuimba kabla watu hawajaenda kwenye shughuli zao. Watu wazima walikaa kwenye viti na mabenchi, sisi watoto kwenye mkeka, usawa wa miguu yao. Miguu ya jumuiya ile ningeweza kuitambua hata leo. Mwenyekiti, Mzee Elisante, alikuwa na viatu vyeusi vilivyong'aa kama vya askari. Mwalimu Tabitha, mwalimu wangu wa darasa na ndiye aliyeanzisha nyimbo zote, alivaa sandozi zenye ua jekundu. Nilimpenda Mwalimu Tabitha kupita kiasi. Alikuwa na sauti iliyoshuka taratibu mpaka ukahisi imekaa kifuani mwako, na nilikuwa nikiomba kimya kimya nikue niwe yeye.

Mwaka ule mama alianza kuondoka nyumbani mapema kuliko sisi. "Tangulieni, nitawakuta huko," alisema, akachukua chupa ya chai na khanga moja iliyokunjwa, akatoka. Alipofika kwenye ibada, akajipenyeza na kukaa kando ya Mwalimu Tabitha kila wiki, alinuka karafuu. Nikamuuliza. Akasema ni kwa ajili ya sauti. Sasa ndugu zangu, mama yangu nampenda, lakini alipoimba hata kuku waliondoka uani. Sauti gani hiyo ya kutafunia karafuu?

Nilipeleka kesi kwa Bi Mwanaidi bila kumtaja mtu.

"Shikamoo Bi. Eti mtu anayetafuna karafuu asubuhi asubuhi ana nini?"

"Marahaba. Ama jino linamuuma," akasema, akigeuza chapati kwa vidole, "ama kuna harufu anaifukuza. Walevi ndio zao. Nani huyo?"

"Hakuna mtu."

Jioni ile nilimpa mama kipande cha muwa, nikakaa mbele yake kumtazama. Aliumenya kwa meno, akautafuna wote, akatema makapi kwa furaha. Jino halikuwa na shida. Lilibaki jibu la pili la Bi Mwanaidi.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Niliifungua chupa ya chai kabla hajatoka, nikanusa: uji wa ulezi. Nikaamua anaumwaga njiani na kuweka kitu kingine. Jumamosi moja nilimfuata kwa mbali, nikamwona anapita nyuma ya grosari iliyokuwa mwisho wa mtaa wetu, ile baa ndogo yenye viti vya plastiki, akaingia kwenye ujia mwembamba wenye vyumba vya kupanga. Sikuthubutu kumfuata ndani. Niliona tu tabaka la vifuniko vya bia vilivyokanyagiwa ardhini, na mgongo wa mama yangu ukipotea. Wiki iliyofuata, nikisaidia kufua, niliinua ile khanga ya kukunjwa. Ilinuka pombe, pombe iliyochacha, iliyotapikwa. Niliisukuma ndani ya maji ya sabuni nikaifua mpaka mikono ikaniuma, kisha nikaisuuza tena, na tena.

Sikumwambia mtu. Lakini siku ya darasa lake la Jumapili, alipotufundisha kwamba mwili ni hekalu, nilitazama chini. Wenzangu walikuwa wakiitikia kwa nguvu. Mimi nilikuwa nikiwaza: huyu anayesema ni nani?

Kumbe si pua yangu peke yake iliyokuwa ikifanya kazi. Ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Tuliimba, tukasali, na badala ya kutangaza ibada inayofuata Mzee Elisante akabaki amesimama, viatu vyake viking'aa mbele ya pua yangu.

"Wapendwa," akasema, "katika jumuiya hii kuna harufu ya karafuu. Kila wiki, upande ule ule. Sisi si watoto. Tunajua karafuu inaficha nini. Nani mwenzetu huyo, tumsaidie?"

Kila mtu alianza kushuku aliye kando yake. Niliona miguu ikijivuta, kila mguu unatafuta nafasi mbali na wa jirani. Kisha nikaona kitu ambacho sikukielewa. Mguu wa mama yangu ulitoka kwenye kandambili, ukapanda juu ya sandozi yenye ua jekundu ya Mwalimu Tabitha, ukaikanyaga kwa nguvu. Nilidhani mama anatetemeka kwa hofu, amekanyaga bila kuona.

"Ni mimi, Mzee," mama akasema.

"Wewe, Mama Tumaini?"

"Karafuu ni zangu."

"Na zinaficha nini?"

"Mzee wangu, hilo naomba nisilijibu."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Ikabidi mtu aanzishe wimbo wa kufunga, na Mwalimu Tabitha, ambaye siku zote alianza yeye, hakuanza. Alianza mama. Alianza vibaya, juu sana, na jumuiya nzima ikamfuata ikijikwaa.

Mama akapumzishwa kufundisha. Ndilo neno walilotumia, kupumzishwa, kana kwamba alikuwa amechoka. Darasa akapewa dada mmoja wa kwaya, na watoto wa madirishani wakapungua. Shuleni wenzangu walipuliza pumzi zao usoni kwangu na kuuliza kama zinanuka kama za mama yangu. Bi Mwanaidi, ambaye si wa dini yetu na hakuhusika, ndiye pekee aliyeendelea kumwita mama barazani, akamkalisha mahali ambapo mtaa mzima unamwona. Nyumbani nilimsikia baba akimuuliza mama kitu kimoja tu, kama kuna jambo anapaswa kulijua. Mama akamjibu, "Uliwahi kuniona nimelewa?" Baba akasema hajawahi. "Basi," mama akasema, na baba akarudi kwenye chakula chake. Nilimwonea baba huruma. Nilidhani amedanganywa.

Mwishowe, Jumamosi moja baada ya ibada, nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa kwenye cherehani, nikasimama mbele yake.

"Mama, unakunywa pombe?"

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Hakunifokea. Alinivuta karibu, akafungua mdomo, akanipulizia usoni. "Haya, nusa."

"Karafuu," nikasema.

"Tu?"

"Karafuu tu."

"Basi huwezi kujua," akasema, akacheka, machozi yakimlengalenga. "Itabidi uniamini au usiniamini, mwanangu." Kisha gurudumu likaendelea. Mimi nilichagua kutomwamini, na niliishi na uamuzi huo muda mrefu, huku nikimpenda, jambo ambalo ni zito kwa mtoto.

Mwisho wa mwaka Mwalimu Tabitha alihamishwa shule, akahama mtaa. Nililia sana. Siku chache baadaye Mzee Elisante alikuja kwetu peke yake, amebeba jogoo kwapani. Akaongea na mama uani kwa sauti ya chini, akatoka bila kunywa chai. Mwezi uliofuata mama alirudishiwa darasa lake. Unadhani nilifurahi? Nilimtazama yule jogoo akizurura uani nikajiambia: hapa kuna mtu ananunuliwa, ila sijajua ni nani.

Sasa turudi Mabibo. Niligeuka kumtazama mama wa karafuu. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini uso haukuhitaji kukisiwa.

"Shikamoo Mwalimu Tabitha."

"Marahaba. Tumaini! Ni wewe? Mama yako mzima?"

Nikamwambia mzima, miguu tu inamsumbua. Akanishika mkono, tukasogea kwenye kivuli cha kibanda cha ndizi, na pale, wapagazi wakitupitia na viroba vyao, akaniambia mambo ambayo hakuona sababu ya kuyaficha tena. Kwamba chumba kile cha nyuma ya grosari kilikuwa chake. Kwamba kila Ijumaa jioni alianza kunywa na hakujua kuacha. Kwamba mama, baada ya kumkuta siku moja amelala kwenye ujia, alikuja kila Jumamosi kabla hakujakucha, akamfuta matapishi kwa khanga aliyokuja nayo, akamwogesha, akamnywesha uji, akamtia karafuu mdomoni, akamtuma kwenye ibada atangulie, na yeye akabaki kupiga deki ndio amfuate.

"Nilimwambia, 'Mimi nitaacha tu kuja jumuiya, Mama Tumaini.' Akasema, 'Ukiacha kuja, Jumamosi nayo utakunywa.'"

"Na karafuu zake mwenyewe?" nikauliza. "Yeye zilimsaidia nini?"

Mwalimu Tabitha alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nikikosea hesabu nyepesi.

"Alisema watanusa tu. Akasema, 'Bora wakinusa wakute tuko wawili.' Ile siku ya Mzee Elisante nilitaka kusimama, Tumaini. Wallahi nilitaka," akasema, akiapa kwa kiapo cha majirani zetu wa Mtoni, "mama yako akanikanyaga mguu. Kucha ilitoka damu. Baadaye akaniambia, 'Kwanza upone, ya kukiri yatafuata. Leo ukisema utafukuzwa kazi, na ukifukuzwa kazi utakufa.' Siku ninahama ndipo nilimwendea Mzee nikamweleza yote. Alilia kama mtoto. Pombe niliacha, karafuu ndizo zimenibaki."

Jogoo, nikawaza. Yule jogoo alikuwa samahani.

Nilikuwa nimenusa kila kitu na sikukosea hata harufu moja: karafuu ilikuwa karafuu, pombe ilikuwa pombe. Kitu ambacho utoto wangu haukuweza kukiwaza ni kwamba mtu msafi anaweza kujipaka harufu ya mwenzake makusudi, akakaa nayo kwenye benchi, akaitwa kwa jina lake na akaitikia. Mama alikuwa akitufundisha jambo hilo hilo kila Jumapili, kwa picha na nyimbo, na mimi nilikuwa nimetazama chini.

Nilitoka Mabibo moja kwa moja mpaka Mtoni. Mama alikuwa amekaa mlangoni amenyoosha miguu. Nikamwambia nimekutana na nani. Sikumwambia nimeambiwa nini, lakini alinitazama akajua. Aliwahi kuibiwa simu, namba zikapotea, na miaka yote hiyo hakuwa amepata habari za Mwalimu Tabitha.

Hakuuliza anaishi wapi wala ana watoto wangapi.

"Ulisogea karibu naye?" akauliza.

"Nilisogea, Mama."

"Alikuwa ananuka nini?"

"Karafuu."

Akashika mkono wangu, akaubana. "Tu?"

"Karafuu tu, Mama."

"Unanusa vizuri bado?"

"Nanusa vizuri."

Akaniachia mkono, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akaanza kuimba ule wimbo wa kufunga, juu sana, vibaya kama siku ile. Nikakaa chini kwenye sakafu, karibu na miguu yake, nikamfuata.