Ute wa Manjano wa Fumiyo

Fumiyo Iwamasa alikuwa mkulima wa uyoga katika kijiji chetu cha Kamikuwa, juu kabisa kwenye milima ya Shikoku. Alitoboa magogo ya mwaloni, akapachika mbegu za uyoga kwenye matundu, akayaegemeza kivulini na kusubiri miaka miwili. Hakuwa msemaji. Maneno alimwachia mumewe, Toshinao, aliyefundisha sayansi katika shule yetu mpaka ilipofungwa kwa kukosa wanafunzi.

Baada ya hapo mwalimu akamgeuza mkewe darasa. Mimi, Hatsue, nauza tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, nyumba ya chini yao, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mboga zimestawi leo," Fumiyo alikuwa akisema, kikapu kimejaa.

"Mboga! Miaka yote hii unalima kitu usichokijua? Mmea una kijani, unajipikia chakula kwa jua. Uyoga una kijani wapi?"

"Basi mnyama."

"Mnyama anameza, kisha anasaga tumboni. Uyoga unasaga chakula huko huko nje, ndipo unafyonza. Viumbe vimegawanywa katika himaya, na uyoga una yake peke yake. Na chakula chenyewe ni wafu, mke wangu."

"Nyamaza bwana, utanifukuzia wanunuzi."

Oktoba moja Toshinao alipanda mlimani na mkoba wake wa kukusanyia vielelezo, hakurudi. Tulimtafuta siku kumi na moja, tukiwa na mbwa, tukiita mpaka sauti zikakauka. Hata unyayo hatukuona. Fumiyo akaendelea kuandaa bakuli mbili za wali, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Mwaka wa tatu, wakati wa mvua za Juni, alikwenda ng'ambo ya kijito kutafuta magogo mapya. Chini ya mwaloni ulioanguka akaona kiatu.

"Sikulia, Hatsue," aliniambia baadaye. "Nilichuchumaa, nikajikuta natafuta himaya moja moja, kama alivyonifundisha."

Ngozi ya kiatu ilikuwa imeota majani mafupi laini, ya kijani. Sisimizi waliingia na kutoka kwenye matundu ya kamba. Kwenye mkono wa koti palichomoza uyoga mweupe, mdogo kama vifungo. Udongo ulinuka ile harufu ya mvua, ambayo Toshinao alisema inatokana na bakteria, viumbe vya seli moja visivyo hata na kiini. Na kwenye gome lililoangukia mkoba, ute wa manjano ulikuwa umejitandaza, umegawanyika kama mishipa ya kiganja.

"Himaya zote zilikuwepo," alisema. "Yeye tu ndiye hakuwepo."

Polisi walichukua mifupa. Hawakujua kwamba kabla ya kuwaita, Fumiyo alikuwa amekwisha kubandua kipande cha gome chenye ule ute na kukificha kikapuni.

Aliuweka kwenye sinia juu ya meza ya mumewe, akaunyunyizia maji na kuulisha chembe za shayiri. Ukala. Ukakua. Na kila asubuhi alikuta umehama. Siku moja ulikuwa umetoka kabisa kwenye sinia, umevuka meza, umeizunguka miwani ya Toshinao na kutulia hapo.

Agosti, kwenye sikukuu ya kuwapokea wafu, wifi yake Kinuyo alikuja. Nilikuwa pale na tofu yangu.

"Wifi, hiki kinyaa ni nini mezani kwa kaka yangu?"

"Si mnyama, si mmea, si uyoga. Kaka yako alisema kuna himaya wanakotupwa wote waliokosa pa kuwekwa."

"Na unakilisha?"

"Kinakula."

"Kitupe! Kaka tumeshamzika."

"Tumezika mifupa. Huyu alikuwa naye miaka yote mitatu. Mimi sikuwa naye."

Kinuyo alinitazama akitaka msaada. Nikainamia ndoo yangu. Ule ute, naapa, ulikuwa umenyoosha kidole chembamba upande wetu. Kinuyo alifunga mizigo yake kabla ya chakula cha mchana, na hajarudi tena.

Majira ya baridi yalipofika, hewa ya moto wa jiko iliukausha. Ukawa gamba gumu la rangi ya kutu. Fumiyo alilikwangua taratibu, akalitia kwenye bahasha, akaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, nyuma ya picha ya mumewe. Tangu siku hiyo anaandaa bakuli moja.

Mwaka jana nilimuuliza, "Dada, si mwalimu alisema ute kama huo hulala tu, ukiumwagia maji unaamka?"

"Alisema."

"Kwa nini hujaumwagia?"

Alikuwa anapanga uyoga juani, mgongo kwangu.

"Usipoamka je?" alisema. Akaendelea kupanga.