Gobori Ndani ya Mzinga

Mume wangu alikuwa mtu wa kujiandaa. Watu wengine hujiandaa kwa Krismasi au kwa mvua za masika; yeye alijiandaa kwa mambo ambayo hayajatokea na mengine ambayo hayatatokea kamwe. Alirudi kutoka vita vya pili vya Wazungu, huko Bama, akiwa na koti zito, kovu la kisigino na filimbi ya bati, na kati ya vitu hivyo vitatu ni filimbi iliyotutesa.

Tulikaa Ipole, kusini ya Tabora. Tulilima tumbaku kidogo, na yeye, kama wanaume wote wa kwetu, alikuwa na mizinga yake ya nyuki porini. Hazikupita siku nne tangu arudi akatukusanya uani, mimi, mama yake na watoto wetu wawili, akatutangazia amri za nyumba. Filimbi moja ni moto: mimi nikimbilie ndoo ya maji. Mbili ni simba: wote ndani, komeo mlangoni. Tatu ni mwizi: tupige yowe. Nne ni ndovu shambani: tupige madebe. Mama mkwe alisikiliza kwa makini, akasema ameelewa, na tangu siku hiyo kila filimbi ilipolia, iwe moja au nne, alitoka na kigoda chake akaketi katikati ya uwanja ili aone vizuri. Simba angekuja kweli, angemkuta mama mkwe anamsubiri amwamkie.

Tena kulikuwa na gobori. Baba yake alilipata zamani za misafara, alipokuwa akibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani, na mume wangu alilirithi pamoja na makelele yake. Bomani walilipiga namba kwenye kitako, wakampa cheti. Cheti hicho alikitia ndani ya mwanzi, mwanzi akauziba kwa nta, na kila Jumapili tukitoka kanisani alikitoa akatusomea masharti. Mwenye cheti ndiye peke yake wa kuishika silaha. Aiweke mahali salama. Akimwachia mtu asiye na cheti, silaha itachukuliwa na yeye ataingia jela. Sharti hilo la mwisho alilisoma akinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa na mpango wa kutoroka kwenda kuwinda viboko.

Gobori lenyewe lilining'inia juu ya kitanda chetu, limeshindiliwa baruti na vipande vya chuma, tayari. Nilimwambia mara nyingi alitoe baruti.

"Dharura haipigi hodi," alinijibu.

Basi nililala miaka yote ile nikitazama tundu la mtutu, nikiomba mchwa wasiitafune kamba.

Siku moja ikaja habari kwamba kaka yake amefariki Goweko. Akaondoka na mama yake na watoto, akaniacha mimi na kuku. Alivyokuwa na haraka ya msiba, alisahau hata kunisomea masharti. Siku ya tatu nikasikia kwamba wezi wamepita kijiji cha jirani, wameiba magobori mawili, na hawakugusa kitu kingine. Nilitazama lile letu pale juu ya kitanda. Kuligusa ni kosa. Kuliacha liibwe ni kosa kubwa zaidi, maana wangelipigia ndovu huko porini, na namba ni ya mume wangu. Nikapanda kitandani nikalitungua kwa mikono miwili, macho nimeyafumba, kana kwamba kufumba macho kungenisaidia.

Nilifiche wapi? Chini ya kitanda ndiko wezi huanzia. Ghalani kuna panya. Nikatoka nje, nikaona mizinga mipya minne ameiegemeza ukutani, inasubiri kutundikwa. Mume wangu alikuwa na sifa ya kuchonga mizinga mirefu kupita ya wenzake wote, na ule mmoja ulikuwa mrefu kuliko mimi. Sasa, kwetu mtu anaweza kuiba kuku akasamehewa. Anaweza kutorosha mke wa mtu, wazee wakakaa wakasuluhisha. Lakini mzinga wa mtu hauguswi, na mwizi mwenyewe analijua hilo. Nililivika gobori kanga yangu nyekundu ili lisigongane na mbao, nikalisukuma ndani ya ule mzinga mrefu, nikauziba kwa kizibo chake. Niliona nimefanya jambo la akili. Usiku huo nililala usingizi mzuri kuliko siku zote za ndoa yangu, sina tundu la mtutu la kulitazama.

Kesho yake nilikwenda shambani. Niliporudi, ukuta ulikuwa mtupu. Mizinga yote minne haipo.

Nilipotaka kupiga yowe, nikawaona majirani zetu wanarudi kutoka porini, wanafuta jasho, wanacheka. Walikuwa wametufanyia wema. Miti ilikuwa inakaribia kutoa maua, mwenzao yuko msibani, na maua hayamsubiri mtu amalize matanga. Kwa hiyo walikuja wakaibeba mizinga yake, wakaipaka nta matunduni, wakaitundika juu ya miti mirefu kama ada inavyotaka.

"Ule mrefu ni mzito kweli," mmoja aliniambia. "Mumeo anajua kuchagua gogo."

Ningesema nini? Nikisema gobori limo, nimesema kwamba nimelishika, na kwamba mume wangu ameliacha mikononi mwa mtu asiye na cheti. Kwenda kulitoa mwenyewe nisingeweza, maana mizinga ni kazi ya wanaume na mwanamke wa kwetu haikaribii. Nikawashukuru, nikawapikia ugali na kuku. Yule kuku alikuwa mtagaji wangu bora, na mpaka leo namhurumia.

Mume wangu alikaa Goweko mwezi mzima. Aliporudi alitazama juu ya kitanda kabla hajanitazama mimi. Nikamweleza yote bila kupumua. Alichukua filimbi yake, akaitia mdomoni, akafikiri, akaitoa tena. Hakukuwa na hesabu ya filimbi ya jambo hilo.

Wiki hiyo hiyo mjumbe wa mtemi akapita akitangaza: Bwana Shauri, Mzungu wa boma, anakuja barazani keshokutwa kukagua bunduki zote. Asiyeonyesha bunduki yake atahesabiwa kwamba amewauzia wezi wa pembe, na atakwenda jela moja kwa moja. Tulikwenda porini sote wawili, kwa kuwa hakuna mwingine tuliyethubutu kumwambia. Tukautazama mzinga kule juu. Nyuki walikuwa wamehamia, tena ukoo mzima, wanatoka na kuingia kwa fujo.

"Wafukize moshi," nikasema.

"Kwa moto? Na baruti imo ndani?"

Nikamkumbusha, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba dharura haipigi hodi. Akaanza kuhesabu matundu ya mzinga kwa kidole.

Siku ya ukaguzi, alfajiri, nyuki wakiwa bado wamepoa, alipanda akaziba matundu yote kwa majani na udongo, akauteremsha mzinga kwa kamba. Tukaufunga kwenye mti wa kubebea begani, yeye mbele mimi nyuma, tukaanza safari ya barazani. Ilikuwa njia ile ile ya misafara ambayo baba yake alipita na pembe begani. Sisi tulipita na mlio wa nyuki, naye kila baada ya hatua chache alinigeukia kuniambia nisitikise, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kisigino kibovu.

Tulikuta wanaume wamepanga mstari, kila mmoja na gobori lake. Bwana Shauri alikaa mezani, mrefu, mwembamba, mwekundu wa jua. Pembeni yake alikaa karani wa boma, Mzaramo, mwenye daftari la namba. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani anaweza kukwambia neno lolote, popote, na ukikasirika ni wewe mwenye kosa. Karani huyu alikuwa ameshamtania mume wangu miaka mingi, naye amemlipa vilevile.

"Mtani, bunduki iko wapi?" akauliza.

"Imo humu ndani."

"Wenzako wameleta bunduki, wewe umeileta na nyumba yake?"

"Mtani, nakuomba usifungue. Mna nyuki."

"Nyuki tu? Simba hukumtia?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Hata Bwana Shauri, aliyekijua Kiswahili vizuri, alitabasamu.

"Mtani," mume wangu alisema, "leo si utani."

"Ndivyo mnavyosema siku zote, Wanyamwezi," alisema karani, akainama, akachomoa kizibo.

Sitaeleza yote. Baraza la watu wazima wenye bunduki lilitawanyika kama vifaranga walioona kipanga. Mzee mmoja wa kanisa aliruka ua ambao hata vijana walikuwa hawauruki. Bwana Shauri aliingia chini ya meza, nyuki nao wakaingia chini ya meza, akatoka akajifunika beseni la kunawia. Mume wangu, kwa mazoea, akapiga filimbi: moja, mbili, tatu, nne, akaendelea hadi saba. Nami, nyuki wamenasa nyweleni mwangu, nikajikuta natafuta ndoo ya maji. Nilimshukuru Mungu kwamba mama mkwe tulimwacha nyumbani na kigoda chake.

Mpaka nyuki walipokwenda kutua juu ya mti wa mninga, jua lilikuwa limeshapita utosini. Bwana Shauri alirudi mezani na jicho moja, la pili limevimba. Akaamuru karani aliyefungua ndiye atoe, sisi wengine tukatazama kwa mbali kutoka nyuma ya jengo. Karani alipiga magoti mbele ya mzinga, ametugeuzia mgongo, akahangaika hapo kitambo. Kisha akainuka na gobori linachuruzika asali, akarudi mbiombio kuketi kwenye kiti chake. Akasoma namba kwenye kitako. Ilikuwa sawasawa na ya cheti. Nilitafuta kanga yangu kwa macho, sikuiona. Nikadhani imebaki mle ndani, ingawa baadaye nilipoukagua mzinga nyumbani haikuwamo.

Nakumbuka pia kwamba tangu hapo karani hakuinuka tena. Bwana Shauri aliposimama kuhukumu, watu wote walisimama ila yeye. Alikaa uso umemkunjamana, jasho linamtoka, na wengi wetu tulisema huyo Mzaramo hana adabu.

"Nani aliyeiweka silaha hii ndani ya mzinga?" Bwana Shauri akauliza.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitazama, kwa macho yale yale ya Jumapili, na nikajua nikisema ni mimi, jela anakwenda yeye. Akisema ni yeye, basi hana kosa la kumwachia mtu silaha, ila mbele ya wanaume wote wa nchi ile yeye, askari wa Bama, msomaji wa masharti, atakuwa mjinga mpaka siku ya kufa.

"Ni mimi, Bwana," alisema. "Mwizi haibi mzinga wa mtu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia, na watu wakadhani ni nyuki. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Bwana Shauri alisubiri kicheko kipungue, akashika jicho lake. Akasema cheti kinataka silaha iwekwe mahali salama, na yeye katika kazi yake yote hajaona mahali salama kuliko pale. Akamrudishia gobori kwa sharti kwamba litolewe baruti na lisirudi tena kwa nyuki.

Hukumu ya watu haikuwa na huruma hivyo. Kila alikopita, sokoni, kanisani, hata msibani, waliuliza kama asali ya baruti imeiva. Alivumilia. Tuligombana mara nyingi, na mimi kwa ugomvi sijambo, lakini hata siku moja hakunirushia lile neno. Nami sikumwambia mtu.

Alifariki amezeeka, bendera nyingine ikipepea bomani. Siku ya mazishi yule karani alikuja kutoka Tabora na mkongojo, na kwa haki yake ya mtani akakaa juu ya udongo wa kaburi, akazuia jeneza lisishuke.

"Wakaguzi tumefika!" alisema. "Hazikwi mtu hapa mpaka nione namba yake. Naona mtani amejificha tena ndani ya gogo. Nani amemweka humo?"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Nami sijui nini kilinishika.

"Mimi," nilisema. "Na lile gobori pia niliweka mimi. Yeye hakuwapo. Alikuwa Goweko."

Kicheko kikakatika. Mwinjilisti akafunga kitabu chake. Yule karani aliinuka taratibu, akanijia pale nilipoketi, akaniinamia sikioni.

"Shemeji, unadhani sikujua? Bunduki ilitoka imevaa kanga nyekundu."

"Na kanga yangu uliipeleka wapi?"

"Niliikalia," alisema. "Mpaka Bwana Shauri alipoondoka. Na nyuki walikuwa bado wamo."