Tryphosa, anayeogopa skrini isiyo na rangi

KISII, 1997. Ukungu bado haujaondoka mjini, na Tryphosa Adhiambo anakivisha mpira safi kifaa chembamba cha mashine ya kupiga picha za ndani ya tumbo la uzazi. Kitandani amelala Abigael, mkulima wa majani chai kutoka Nyansiongo. Amefumba macho, vidole vimekamata shuka.

Tryphosa anabonyeza kitufe. Penye damu inayotembea, mashine hii huonyesha nyekundu na buluu. Kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba wa Abigael panabaki peusi.

“Hapo ndipo mikono yangu huanza kuwa baridi,” anasema baadaye.

Tryphosa, mzaliwa wa upande wa ziwani, alisomea kazi ya eksirei Nairobi. Alikuja Kisii mumewe, Calvince, alipohamishiwa posta ya hapa. Kliniki ya binafsi inayomwajiri ni ya Daktari Jagdish, mtoto wa muuza vitambaa wa hapa mjini, aliyeleta mashine hiyo mwaka jana.

Zamani waliweza kupima unene wa utando tu. Sasa wanaona kama damu inaufikia. Utando wenye damu haba huenda ukashindwa kushika mimba, ingawa daktari mwenyewe hukiri kwamba jambo hilo halijajulikana lote.

Wanawake hutoka Keroka, Tabaka na Nyamira, wengi kwa siri. “Skrini hawaielewi,” anasema Tryphosa. “Wanaangalia uso wangu. Kwa hiyo naogopa hata kukunja kipaji.”

Siku ile ya Abigael, zaidi ya miezi mitano iliyopita, ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa ameolewa miaka tisa, na matibabu yalikuwa yamegoma mara mbili. Mashemeji walikuwa wameanza kumtafutia mumewe, Obwocha, mke mwingine. Kabla Abigael hajamaliza kuvaa, mama mkwe wake, Mong'ina, alisukuma mlango.

“Msichana wangu, niambie ukweli,” alimwambia Tryphosa. “Huyu atazaa ama hatazaa?”

Kwa kawaida majibu hutolewa na daktari. Tryphosa aliihofia kazi yake. Lakini alihofia zaidi kwamba akinyamaza, kimya chake kingebebwa hadi Nyansiongo kama hukumu. Akamtazama Abigael, naye akaitikia kwa kichwa.

“Mama, leo sijaona damu ya kutosha,” alijibu. “Nimesema leo. Hii mashine haioni kesho.”

Mong'ina aliinama, akaokota viatu vya mkaza mwana wake, akamvisha kimoja kimoja. Abigael akaanza kulia.

Daktari aliahirisha kumwekea Abigael mbegu za Obwocha kwa mrija, akabadilisha dawa. Mwezi uliofuata Tryphosa aliona vidoa vyekundu vikiingia kwenye utando, vidogo kama mbegu za wimbi. Hakusema neno hadi alipohakikisha mara ya pili.

Mbegu zikawekwa, na sasa Abigael ana mimba ya miezi mitano. Mama mkwe ndiye humsindikiza kliniki. Hofu haijaisha. Kila Abigael anapolala pale, Tryphosa hubana pumzi mpaka aone moyo wa mtoto ukipiga.

Siku hizi anamfundisha muuguzi Loice kutumia mashine. Wenzake walidhani anataka kwenda likizo. Sababu ni nyingine, na amekubali iandikwe: yeye na Calvince wameoana miaka minane, hawana mtoto.

“Nimepima wanawake wengi. Mimi mwenyewe sijawahi kulala pale,” anasema, akikunja koti lake la kazi. “Kama pamekauka, nijue. Kama kuna damu, nijue. Kutojua ndiko kunanimaliza.”

Amemwomba Loice ampime mkono wake ukishazoea kazi, asimfiche lolote. Calvince humuuliza kila Jumapili itakuwa lini, naye hugeuza mazungumzo. Jumapili iliyopita, wakiwa wanatoka kanisani, alimjibu kwa mara ya kwanza: baada ya mvua za masika, na waende pamoja, aingie naye chumba cha kupimia.