Makande ya bomba la nyuma

Jumatatu nilikuwa nyuma ya mtambo wa kusafisha maji pale Lemara, mtoto mgongoni, nakinga ndoo kama kawaida, maana bomba la mbele lina foleni na hili la nyuma halina mtu. Mhudumu akatoka, akaitazama ndoo.

"Dada, haya unapeleka wapi?"

"Ya kupikia."

Akavua kofia taratibu. "Mtambo unachuja maji, masafi yanatokea mbele. Chumvi yote, magadi na floraidi vinatokea hapa, tunavipeleka bwawani vikatibiwe."

Nikamuuliza mhudumu, mtoto wangu atakuwaje, meno yake, mifupa yake.

"Amekunywa?"

"Hapana, ya kunywa nachota mbele, na huyu ananyonya tu."

"Basi tulia. Waliokula ni nani?"

Nikamweleza kuwa ni mama mkwe. Tangu niolewe amekuwa akisema makande yangu ni kokoto, ila wiki iliyopita alinisifu mbele ya kina mama wa kanisani kwamba yanalainika kama yametiwa magadi.

Mhudumu akaegemea tangi, akacheka mpaka machozi. "Si ndiyo umeyatia, mama."

Nikamwaga ndoo, nikaenda kupanga foleni mbele. Jioni makande yakarudi kuwa kokoto, mama mkwe akatafuna akinikazia macho.

Mhudumu ameapa kunyamaza. Na mimi nimewaambia ninyi wasomaji tu, simwambii mtu mwingine.