Siku Nilipokuwa Jua Kubwa Gesima

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona aibu, maana hata leo nikipita karibu na kanisa letu hapa Gesima kuna watu wanajikinga macho kwa mkono kama waliopigwa na jua, na jua lenyewe ni mimi.

Mjukuu wangu Kerubo anasomea nyota chuo kikuu. Anatafuta sayari zenye majua mawili, yaani wewe umesimama huko, jua moja linazama nyuma ya kilima na lingine bado linakuchoma kisogo (sasa chai ya huko inachumwa saa ngapi, nilimuuliza). Mhadhiri wake alikuja Jumapili moja kwenye uwanja wa kanisa kumpima: akiweza kueleza kazi yake kwa watu kama sisi, anaingia kwenye kikosi cha utafiti, akishindwa, basi. Kerubo akaniomba, "Bwana wangu, nisaidie" (kwetu mjukuu humtania babu hivyo, kama mumewe), nami niliyeacha shule darasa la tatu nikatangazia kijiji kizima kwamba sasa ni msaidizi wa utafiti.

Mpango ulikuwa rahisi. Mimi na jirani yangu Ombati tushike ncha mbili za kamba, tuzungukane kama majua mawili, na mchungaji, ambaye ndiye sayari, ashike kamba ndefu iliyofungwa katikati ya yetu, akimbie kutuzunguka. Kumbe Kerubo amenipa jua dogo! Mimi, mzee wa kanisa, niwe mdogo wa Ombati? Nikakataa, nikataka kubwa.

"Basi angaza peke yako," Ombati akasema, akaenda kuketi.

Kerubo kwa haraka akamvuta aliyekuwa karibu, mama yake, Moraa. Sasa Moraa ni mke wa mwanangu, na sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima inayomkataza baba mkwe kumsogelea mkaza mwanawe, sembuse kumgusa. Ningesema neno, lakini mhadhiri alikuwa anatazama. Nikashika kamba.

Tukaanza kuzunguka. Mimi natazama mawingu, Moraa anatazama viatu vyake, narudi nyuma kwa heshima, naye anarudi nyuma kwa heshima, kamba inakaza, na kadiri tulivyoheshimiana ndivyo mchungaji alivyozidi kukimbia, tai begani, analia, "Wazee, punguzeni!" Mara kamba ikaanza kunivuta kuelekea kwa Moraa. Nikaiachia.

Mchungaji alipita kwenye pengo la ua akatua kifudifudi juu ya lundo la majani ya chai ya jirani (sisi Wasabato husali Jumamosi, Jumapili tunachuma). Moraa akaanguka chali. Na mimi, bila kufikiri, nikamshika mkono nikamwinua.

Uwanja mzima ukasimama kuona vizuri. Kisha Ombati: "Omogaka, mzee wetu! Jua limemshika mkaza mwana!"

Ninatafuta pa kujificha, nasikia mhadhiri anapiga makofi. "Kerubo, hivyo hivyo! Majua yakiivuruga sayari, inatupwa nje. Sijawahi kuona mfano mzuri kama huu!" Kerubo, mjanja, akainama kama aliyepanga yote. Akachukuliwa.

Nimeapa: nikiitwa tena kusaidia utafiti, nitakubali jua dogo, tena nitashukuru. Ila hata hilo sasa lina mwenyewe. Jioni ile Moraa aliweka kikombe changu kwenye kigoda mlangoni, akarudi nyuma kwa adabu zake zote, akasema bila kunitazama:

"Tata, chai yako. Imeletwa na jua dogo."